Jeneza kwa Baiskeli Mpaka Msangani

Kila nikikaa kunywa chai hapa Quitunda ananijia mtu na swali lile lile: eti Amisse, ni kweli mlitoka Palma mpaka Msangani mnawalilia samaki? Nimechoka kujibu kwa vipande. Naandika mara moja, anayejua kusoma amsomee asiyejua, halafu tuachane na habari hii.

Samaki hawakuliliwa. Samaki walikuwepo tu.

Asili ya safari ni shangazi yangu Somoe, dada wa baba, anayekaa Msangani, kijiji cha mbele ya Quionga. Siku zile za kukimbia vita, yeye na mumewe Bakari waliingia porini pamoja na wenzao, na Bakari akafia huko huko. Alibebwa kwenye turubai na wanaume watatu, akaswaliwa na hao hao watatu, akazikwa, na watu wakashika njia tena. Hakukuwa na matanga, hakukuwa na hitima, hakukuwa na mtu wa kumpa mjane mkono wa pole. Kila mmoja alikuwa na roho yake ya kuiokoa.

Sasa watu wamerudi. Msikiti wa Msangani umeezekwa upya, lakini jeneza la zamani liliungua pamoja na msikiti, na tangu hapo wanabeba maiti zao kwa kitanda cha kamba. Mwaka huu shangazi akaanguka kitandani, kifua. Akanitumia audio kwenye simu. Sauti imekwaruza lakini amri ni zile zile: "Amisse, baba, wewe si seremala? Nataka jeneza la msikiti wetu. Nataka nilione kwa macho yangu. Na usinifanyie kama lile kabati la binti yangu, maana mimi sina muda wa kungoja kabati."

Ukoo mzima ukaisikiliza ile audio, na ukoo mzima ukaelewa. Shangazi anaaga, na anaogopa turubai. Wengine wakasema kumpelekea mgonjwa jeneza ni kumwitia Izraili. Mimi nikasema akinyimwa atakufa kwa hasira, na hiyo nayo ni njia. Nikachonga jeneza la mvule, mikono minne, na upinde wa kushika kitambaa juu. Kazi nzuri, japo sijisifu. Kilichobaki kilikuwa kulifikisha yeye akiwa bado anaona.

Quitunda mpaka Palma

Madereva wa magari walikataa mmoja mmoja. Wa mwisho aliniambia gari lake lina mikosi ya kutosha. Nilikuwa nimekaa juu ya jeneza nje ya nyumba, nafikiri, ndipo akapita Senhor Amílcar na baiskeli yake ya Kifaransa.

Kwa wasiomjua: Senhor Amílcar ni mtu wa Inhambane, aliyeletwa kufanya kazi kwenye administração, ofisi ya serikali ya wilaya. Mkristo, mpole, miguu mirefu. Mhandisi mmoja Mfaransa alipomaliza kazi yake huku alimwachia baiskeli yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na maradhi pamoja nayo. Maana Wafaransa, kwa maelezo ya Senhor Amílcar, wana njia za changarawe huko mashambani kwao, ndefu ajabu, zinapita kwenye makasri yaliyobomoka, na makanisa ya kale, na mashamba ya mizabibu, na watu wazima wenye magari yao wanayaacha nyumbani ili waje kutokwa jasho humo kwa hiari. Jioni wanakula jibini. Picha anazo kwenye simu, na ukikaa naye karibu utaziona, utake usitake.

"Mestre," aliniambia, maana fundi kwake ni mestre, "changarawe tunayo. Magofu tunayo. Tunakosa nini?"

"Jibini," nikasema.

Hakucheka. Alikuwa na mpango wa kupima njia ya namna hiyo kutoka Palma mpaka Quionga na mbele yake, kwa ajili ya watalii watakaokuja siku moja, inshallah, na Jumamosi ile ndiyo alikuwa anakwenda kuanza. Aliposikia taabu yangu akalitazama jeneza, akaitazama baiskeli yangu nyeusi yenye keria ya chuma, akasema tutalipeleka sisi.

Ikawa hivi. Mikono ya mbele ya jeneza tuliifunga kwenye keria yangu. Mikono ya nyuma ikalala kwenye zile pembe za kondoo, ndipo nikajua ziliwekwa kwa kazi gani. Mimi mbele, yeye nyuma, jeneza katikati, baiskeli mbili zikawa mnyama mmoja.

Wanawake wa jirani walipotuona wakapiga kelele. Jeneza linatembea uchi! Wakaleta kitambaa cha kijani wakaufunika upinde. Na kwa kuwa tunakwenda kwa Somoe, haiwezekani kwenda mikono mitupu: wakatia ndani samaki wakavu, mchele, mkeka mpya uliokunjwa, na kigodoro cha sponji kwa ajili ya mgongo wa mgonjwa. Mimi nikatia pampu. Tulipomaliza kufunga kamba, ukilitazama lile jeneza kwa mbali ungeapa kuna mtu ndani, mfupi kidogo.

Mimi sikuliona hilo. Nilikuwa naangalia mafundo yangu.

Kwenda moja kwa moja ilikuwa rahisi. Kukata kona lilikuwa jambo la kujadiliana. Kwenye mteremko Senhor Amílcar alipiga kelele, "Calma, mestre, calma!" nami nikamjibu kwamba calma, yaani taratibu, ni ya mwenye breki, mimi zangu zilikatika zamani. Tulishuka hivyo hivyo, kuku wakitupisha.

Palma mpaka kizuizini

Palma tuliingia asubuhi, watu wako kwenye chai. Nilitaka kununua mkate tupite zetu. Lakini tunajuana sisi watu wa pwani. Jeneza likipita, mwanamume hakai. Aliyekuwa anakula anaacha tonge, aliyekuwa anabishana anakatisha, anakwenda kutia bega japo hatua chache apate thawabu zake, kisha anampisha mwingine. Haulizi kwanza nani kafa. Hilo utauliza baadaye, ukiwa umeshabeba.

Wa kwanza alikuwa fundi Momade, mshonaji. Aliacha suruali ya mtu chini ya sindano, akavuka barabara, akalishika jeneza ubavuni.

"Inna lillahi. Shusheni."

"Momade, halina mtu," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma sana. "Mwanzo sote huwa tunasema hivyo, Amisse. Shusheni. Maiti habebwi kwa baiskeli kama gunia la mkaa."

"Momade, wallahi..."

"Usiape na wewe umefiwa."

Nikitahamaki, mafundo yangu yote yameshafunguliwa na jeneza liko mabegani kwa watu. "Wapi?" wakauliza. Nikasema Msangani. "Mbali," wakasema, wakaongeza mwendo.

Mtu atasema ningewaeleza. Nilieleza! Lakini nyuma ya jeneza hakupigwi kelele, kwa hiyo nilimwendea mmoja mmoja nikamnong'oneza sikioni. Na wabebaji wanapokezana kila hatua chache. Niliyemweleza anaondoka, anaingia mwingine ambaye hajasikia kitu, naye akishaelewa bega lake limechoka, anampisha wa tatu. Nilinong'ona mpaka koo likakauka na bado waliokuwa wanajua walikuwa wachache kuliko wasiojua.

Senhor Amílcar alikuwa anazisukuma baiskeli zetu zote mbili nyuma kabisa, amevua kofia kwa heshima. Ile simu yake inayopima mwendo ikamuuliza kwa sauti ya mwanamke, mbele ya watu wote, kama amemaliza mazoezi.

Kizuizini tulikuta askari mmoja wa kigeni, wa wale wanaosema Kiswahili cha bara, cha taratibu, kama cha redioni.

"Poleni sana, wazee," akasema. "Nani amefariki?"

Wote wakanigeukia.

"Hakuna," nikasema.

Askari akafikiri. "Basi itabidi tufungue."

Loo! Momade aliwaka. Tangu lini maiti akafunuliwa njiani! Wengine wakaanza kusoma kwa sauti. Yule askari hakupandisha sauti wala hakusogea. Mimi ndiye niliyemwomba. "Fungua, ndugu yangu. Fungua waone."

Kitambaa kikainuliwa. Mkeka. Kigodoro. Mchele. Samaki wakavu, wamekodoa macho. Pampu ya baiskeli.

Askari aliichukua ile pampu, akaitazama huku na huku, akairudisha pale pale ilipokuwa, akafunika. "Pitisheni," akasema.

Nilijua nitapigwa. Nikaona bora nipigwe nimeshasema, kwa hiyo kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikasema kwa sauti, wote wakasikia: shangazi Somoe, kifua, audio, Bakari na lile turubai lake porini.

"Ameshakwisha?" akauliza Momade.

"Bado. Anaumwa."

"Sana?"

"Sana."

Momade akageuka akaitazama Palma, nadhani aliikumbuka ile suruali. "Tumeshatoka," akasema. "Kumtazama mgonjwa nako kuna thawabu. Na jeneza la msikiti halisukumwi kama mkokoteni, hata likiwa na samaki. Twendeni."

Wachache walirudi, na siwalaumu, walikuwa na kazi zao. Waliobaki wakatia mabega. Nilitaka kulia, na sikuwa na hakika kama ni kwa shukrani au kwa ajili ya mafundo yangu.

Kizuizini mpaka Quionga

Hapa ndipo changarawe ya Senhor Amílcar inapoanza. Nyekundu, imekaa vizuri, halafu ghafla mchanga mpaka kwenye kifundo cha mguu, halafu changarawe tena. Alinieleza kwamba Wafaransa wanaipenda hivyo hivyo, eti kubadilikabadilika ndiyo ladha yake. Nikamwambia aje na Mfaransa mmoja wakati wa masika tumpe ladha yote.

Mbele kidogo baiskeli yake ikakanyaga mwiba. Tairi likapiga kelele, pakaanza kuruka maji meupe kama tui la nazi. Senhor Amílcar hakushtuka. Alilizungusha gurudumu, akasubiri, kelele ikakoma yenyewe, akaligonga kwa kidole, gumu. Kumbe tairi za Kifaransa zina dawa ndani ya kuziba matundu. Mimi nililijua hilo kwa sababu alinieleza. Wachuuzi wawili wa samaki waliokuwa wanapita kuelekea Quionga hawakuelezwa na mtu. Waliona jeneza la kijani, waliona watu, waliona tairi linajiziba lenyewe. Wakatazamana. Kisha wakapanda baiskeli zao wakaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyebeba samaki.

Tangu hapo kila tulipofika watu walikuwa wamesimama barabarani wanatungoja. Maji ya kunywa tayari, muhogo wa kuchemsha tayari. Habari ilikuwa imetutangulia kwamba kuna maiti anapita, mtu wa Mungu, matairi yanajiponya yakikaa karibu naye. Na kila kijiji wakaongezeka watu. Waliotoka Palma walijua kuna samaki. Waliojiunga njiani walijua kuna walii. Nikajaribu kunong'ona tena. Mzee mmoja akanipigapiga begani akasema hata yeye mkewe alipofariki alikataa kuamini mpaka siku ya tatu.

Kuna mahali pana kuta za mawe zilizobaki, mti umeota ndani. Senhor Amílcar akaomba tusimame apige picha, maana gofu ndiyo roho ya njia. Akasimama mbele ya ukuta, kimya, anatafuta mwanga mzuri. Watu walipomwona amesimama vile wakadhani anaomba dua, nao wakasimama, wakainamisha vichwa. Picha hiyo anayo. Kuta, mti, na safu za watu wenye huzuni mbele ya mahali ambapo, kwa kauli ya mwenyeji mmoja, Mjerumani alikuwa anafunga punda wake.

"Kwa Wafaransa hapa pangekuwa na kibao," akasema Senhor Amílcar.

"Cha nini?" akauliza yule mwenyeji.

"Cha kueleza historia."

"Si nimekueleza mimi?" Mwenzake akadakia kwamba hakukuwa na punda wowote, ni Mreno alikuwa anaweka nazi. Wakabishana kwa sauti ya chini, kwa heshima ya jeneza, mpaka tunaingia Quionga.

Quionga wanawake walikuwa wameshapika. Wali, kunde, mchuzi wa pweza wa nazi. Chakula cha msiba unakula kichwa chini, husemi kitu. Senhor Amílcar hakuambiwa. Alikula, akafumba macho, akasema kwa sauti kwamba hajawahi kula pweza kama huyu tangu azaliwe, akauliza umepikwaje, akaomba tena. Nikatamani ardhi inimeze. Lakini wale mama wakatazamana, mmoja akasema taratibu, "Msiba kila mtu unamshika kwa njia yake," wakamjazia sahani. Naona walimfanya ndiye mfiwa mkubwa. Tulipoondoka walimpa na kifurushi.

Quionga mpaka Msangani

Kutoka Quionga alijiunga nasi Bi Awa. Bi Awa ni mliaji. Si kwamba analipwa, la, ni kipaji tu, na msiba asioufika unaonekana mdogo. Aliuliza marehemu ni nani. Mtu mmoja nyuma, wa kundi la walii, akamjibu kwamba yeye amesikia tu jina la Somoe.

"Somoe weee!" Bi Awa akapasua. "Somoe wa Msangani! Umetuacha na nani, Somoe!"

Shangazi kalala na kifua chake, anangoja jeneza kwa amani, halafu asikie analiliwa kwa jina, kilio kinaingia uani kwake mwenyewe! Kama kuna kitu cha kumaliza mgonjwa, ni hicho. Nikamkimbilia Bi Awa.

"Mama, nisikilize. Somoe hajafa."

Hakufuta hata chozi. "Atakufa tu," akasema, akaendelea.

Wanawake wengine wakampokea. Basi tukawa tunakwenda hivyo: mbele Momade na wenzake wa Palma wanabeba huku wanazungumza habari za mpira, nyuma watu wanamlilia shangazi yangu kwa jina lake na la baba yake. Nikamwendea Senhor Amílcar. "Panda," nikamwambia. "Tutangulie tukamwambie."

Hapo ndipo, ndugu zangu, tulipoendesha baiskeli. Bila jeneza, bila umati, changarawe inalia chini ya magurudumu, upepo kifuani, mikorosho inapita huku na huku. Senhor Amílcar anacheka peke yake. Na mimi, shangazi yangu yuko mahututi, kilio nyuma yangu, nilijikuta nafurahi. Niliona aibu na niliendelea kufurahi. Ikiwa ndicho wanachokifuata Wafaransa, basi nimewaelewa.

Tukafika njia panda. Kwenye simu njia ya kushoto ilikuwa nyeupe, imenyooka, fupi. Senhor Amílcar akasema kushoto. Mimi niliyezaliwa upande huu nikasema kushoto. Tulikwenda mpaka njia ikawa kichochoro, kichochoro kikawa nyasi, nyasi zikaishia kwenye mikoko na tope, na ng'ambo ya tope hakuna kitu. Hiyo njia pengine ilikuwepo enzi za punda wa Mjerumani.

"Kosa langu, mestre," akasema, na uso wake ulikuwa umekwisha kabisa.

"Letu," nikamwambia. "Geuza."

Tulirudi tukizisukuma baiskeli. Kila nikitulia nasikia kilio, na kila mara kilio kiko mbele zaidi. Tulipotokea barabarani nikaziona nyayo za watu wengi zinaelekea Msangani. Walikuwa wameshatupita.

Msangani

Tulifika na kilio kimekoma. Hicho ndicho kilichonitisha. Niliitupa baiskeli nikapenya katikati ya watu mpaka uani kwa shangazi.

Jeneza liko chini, katikati ya ua. Watu wamelizunguka. Na mlangoni, ameegemea nguzo, binti yake amemshika kiuno, kakonda, kanga imemzidi, amesimama shangazi Somoe anamtazama Bi Awa. Bi Awa mkono uko kichwani, mdomo wazi, hakuna sauti inayotoka.

"Nani kafa?" akauliza shangazi.

Nikajitokeza.

"Hakuna, shangazi. Hawa wamelisindikiza tu. Ni jeneza lako."

"Langu?"

"Lile uliloniagiza kwenye audio."

"Nilisema nataka jeneza la msikiti. Nilisema nataka nilione. Nilisema langu?"

Ndugu zangu, nimerudi nikaisikiliza tena ile audio, nanyi mnaweza kuisikiliza, iko kwenye simu. Hakusema.

Alishuka uani taratibu, kidogo kidogo, binti yake akimsihi. Akaugonga ubao kwa kidole. Akapima kwa shubiri kutoka kichwani mpaka miguuni, akipumzika katikati apate pumzi. Akafunua kitambaa, akawaona samaki, akafunika.

"Refu," akasema. "Bakari hakuwa mrefu hivi. Lakini litamfaa."

Sijui niwaelezeje. Watu waliotembea tangu asubuhi hawajui wanamzika nani, walijua pale pale. Momade alivua kofia, akaivaa tena, akatazama pembeni. Hakuna hata mmoja wetu katika uwanja ule asiyekuwa na mtu wake aliyeachwa njiani siku zile.

Akaja Mwalimu Saide wa msikiti. Ni mtu mwema ila anapenda dalili za vitabuni. Akamweleza shangazi kwa upole kwamba Bakari alishaswaliwa na kuzikwa, na kwamba kubeba jeneza tupu hakuna mafundisho yake.

"Limebebwa tupu kutoka Palma, Mwalimu," shangazi akamjibu. "Limefika kwangu ndiyo limeanza kuwa haramu?"

Mwalimu Saide akazichezea ndevu. Akasema swala ya aliye mbali ipo, na ambao hawakuwahi kumswalia wanaweza kumswalia leo, hilo halina shaka. Ama jeneza, akasema, lazima lifike msikitini, halina miguu, watu watalibeba. Na mtu akilibeba huku moyoni ana Bakari, yeye Saide haingii mioyoni mwa watu.

Tukawatoa samaki. Tukatoa mchele, mkeka, godoro na pampu. Jeneza likainuliwa. Senhor Amílcar alikuwa amesimama na baiskeli zote mbili, akamuuliza Momade kwa kunong'ona kama mtu wa dini yake anaruhusiwa. Momade akamwambia bega ni bega, akampa nafasi yake. Yule bwana ni mrefu, jeneza likaenda limeinamia upande, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilibeba mkono wa mbele. Ni kazi yangu mwenyewe na sikuwahi kufikiri kama inakaa vizuri begani. Inakaa vizuri.

Wanawake walibaki na shangazi. Msikitini safu zilijaa, zikatoka mlangoni, zikafika kisimani. Mwalimu Saide akaleta takbiri nne.

Tuliporudi tulimkuta shangazi amekaa kwenye ule mkeka mpya, mgongo ukutani. Yuko hai mpaka leo ninapoandika, kifua bado kinamsumbua, na ameshanitumia audio nyingine kuhusu kabati. Lakini siku ile alikuwa amechoka sana, na niliogopa kumsogelea.

"Walikuwa wengi?" akaniuliza.

"Wengi, shangazi. Safu zilifika kisimani."

Akatikisa kichwa. "Bakari hapendi zogo. Angeona wote hao, angetokea mlango wa uani."

Kisha watu wakaanza kupita kumpa mkono. Hakuna aliyepanga. Momade alitangulia, akainama, akasema pole mama, naye akamjibu nimeshapoa. Akaja mwingine. Pole, mama. Nimeshapoa. Wakaja wale wa Palma, wakaja wa vijijini, wakaja wa Quionga, Bi Awa akaja analia safari hii bila kipaji chochote, analia tu. Senhor Amílcar alisahau Kiswahili chote, akasema kwa Kireno, na shangazi akamjibu yeye kama alivyowajibu wengine. Wote hao hakumruka hata mmoja, na kila mmoja alimtazama usoni.

Nilipofika mimi nilikuwa wa mwisho. Tangu turudi kutoka kukimbia nimekaa na shangazi mara nyingi, nimekula kwake, nimemtengenezea milango. Neno hili nilikuwa sijawahi kumwambia. Tulipoonana tena kila mtu alikuwa na wake wa kumlilia, hatukujua aanze nani.

"Pole, shangazi," nikasema.

Aliushika mkono wangu muda mrefu, machozi yanamtoka, hayafuti. "Nimeshapoa, baba," akasema. Kisha akaniuliza kama watu wamekula.